Tiki Aliyefumba Macho

Jumamosi moja asubuhi, soko kuu la Papeete likiwa limefurika watu na harufu ya vanila, samaki wabichi na maandazi ya moto, tiki wa plastiki, mfano wa zile sanamu za wahenga za visiwani, alimcheka shemasi wa kanisa hadharani.

"Ho, ho, ho," alisema tiki, na macho yake yakawaka mekundu.

Shemasi akaangusha papai. Wauza magimbi ya taro wakaacha kupima. Mama mmoja aliyekuwa akichagua samaki alimrudisha samaki wake kwenye barafu polepole, kama mtu aliyeamriwa na askari kuweka silaha chini.

Aliyembeba tiki huyo, mikono ikimzunguka kiunoni kama anamsindikiza mlevi nyumbani, alikuwa msichana anayeitwa Ranitea. Alivaa gauni la kijani lenye maua meupe makubwa, nywele kazifunga kwa kijiti, ua la tiare sikio la kulia, upande wa wale ambao bado hawajachukuliwa.

"Nisamehe, Baba Shemasi," alisema. "Ana kifaa tumboni. Mtu akipita mbele yake, anacheka."

"Kwa umri wangu huu, mwanangu, nichekwe na plastiki?"

"Hachagui, Baba. Jana alimcheka meya."

Shemasi aliokota papai lake, akalifuta vumbi kwa hadhi yote ya kanisa, akaondoka kwa kuzunguka nyuma ya tiki. Ranitea naye akageuka haraka kutafuta njia, akajigonga kwenye gogo. Gogo lilikuwa begani kwa mwanamume, na mwanamume alikuwa mpana kama mlango wa kanisa. Shati lake jeupe lilijaa vumbi la mbao. Tatuu zilimteremka kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mkono, nyeusi, zilizopangika, kama mkeka uliosukwa na mtu asiye na haraka.

"Ho, ho, ho," alisema tiki.

Mwanamume hakuruka. Aliinama akamtazama tiki kwa muda, bila chuki, kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyecheleweshwa. Kisha akamtazama Ranitea, na hapo macho yake yakakwama.

"Samahani, kaka. Sikukuona."

"Wengi hunigonga wakasema hawakuniona," alijibu. "Sijui huwa wanawezaje."

Ranitea alicheka kabla hajakumbuka kwamba alikuwa na hasira tangu alfajiri. "Unaitwa nani?"

"Teiki."

"Nimeuliza jina lako, sikuuliza la niliyembeba."

"Teiki," alirudia kwa upole. "Te-i-ki. Kwetu, kisiwa cha Nuku Hiva, ukiliita jina hilo barabarani wanageuka wanaume nusu ya kijiji. Wewe umebeba tiki. Mimi ni Teiki. Tunatofautiana herufi moja na, natumaini, sura."

Baadaye Ranitea alikuja kugundua kwamba hotuba ile ilikuwa imemaliza akiba yake yote ya maneno ya wiki. Lakini siku hiyo hakujua. Alimwachia tiki ambebee, naye Teiki, gogo bega moja, tiki kwapani, akamfuata hadi meza ya maua ya Shangazi Titaina, huku soko zima likifungua njia na tiki akimcheka kila aliyechelewa kupisha.

Shangazi Titaina aliuza mataji ya maua na habari za watu, na vyote viwili alivitoa vikiwa vibichi. Aliwatazama wanavyokuja, akahamisha kiti chake ili aone vizuri zaidi.

"Ranitea, yupi kati ya hawa wawili ndiye wa Bwana Lucien?"

"Huyo wa plastiki, Shangazi."

"Basi huyo mwingine mwache hapa."

*

Bwana Lucien alikuwa mkuu wa ofisi ndogo ya sherehe, na Ranitea alikuwa ofisi yote iliyobaki. Bwana huyo alizaliwa Papeete, akabatizwa Papeete, akaoa Papeete. Kisha akaenda likizo California, akaalikwa sherehe ya tiki uani kwa mtu, na akarudi kama nabii aliyeteremka mlimani. Alirudi na tiki anayecheka. Alirudi pia na wazo: Siku ya Tiki ya Familia, Jumapili ya wiki iliyofuata, bustani ya Paofai, wazazi na watoto, babu na bibi.

"Watacheza nini?" Ranitea alimuuliza.

"Watapita chini ya kijiti wakiwa wamepinda mgongo. Watatupa pete kwenye shingo za ndege wa plastiki. Watakunywa maji ya nanasi yenye vijimwavuli."

"Bwana Lucien, bibi yangu akiona hayo atauliza tiki amekosa nini."

"Basi tafuta mengine wewe. Lakini tiki wangu atakaa langoni. Na mpaka Jumapili akae ofisini, umzoee."

Ofisi ilikuwa na chumba kimoja. Tiki aliwekwa kuielekea meza ya Ranitea. Akiinuka kuchukua karatasi, tiki anacheka. Akirudi kukaa, tiki anacheka. Akipiga chafya, macho yanawaka.

Faraja yake ilikuwa jioni. Kwenye uwanja wa bandarini magari ya chakula yaliwasha majiko, moshi wa nyama ukapanda, na Teiki alimngoja kwenye benchi moja tu, ambalo kwa uzito wake lilikuwa limeanza kuinama upande mmoja. Walikula samaki mbichi aliyelowekwa kwenye ndimu na tui la nazi, sahani moja, uma mbili. Ranitea aliongea. Teiki alimtazama. Ilikuwa kazi waliyogawana bila mkutano.

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kama nimeandikwa."

Teiki akafikiri. "Mchongaji hutazama kwanza," alisema. "Patasi baadaye."

"Usije ukanichonga."

"Wewe umeshamalizwa."

Ranitea aliinamia sahani kwa muda mrefu kuliko samaki alivyohitaji.

Usiku wa tatu alimuuliza kuhusu tiki wa kweli. Teiki aliweka uma chini. Kwao, alisema, juu ya bonde, kuna tiki wa mawe waliosimama katikati ya miti tangu kabla ya babu wa babu yake. Hakuna uzio wala kibao. Watoto hupanda kule wakipiga kelele na kusukumana, lakini wakifika pale sauti zinashuka zenyewe, na hakuna aliyewaambia. Macho ya wale tiki ni makubwa, duara, na unahisi yamekuona ungali njiani.

"Uliogopa?"

"Nilivua kofia," alisema Teiki. "Nilikuwa na miaka sita. Sikuwa hata na kofia. Nilishika kichwa, nikaitafuta."

Ranitea hakucheka. Alihisi vinyweleo vya mikono vikimsimama, katikati ya moshi wa nyama na redio ya gari la chakula.

"Basi nisaidie," alisema. "Watoto wacheze, wasimdhihaki tiki."

Na mtu huyu asiyesema akasema. Watoto wachonge tiki, lakini kwenye shina la mgomba, kwa vijiko. Mgomba ni laini na hauna majivuno. Baada ya siku chache unaoza, unarudi udongoni, na hakuna aliyetukanwa. Kina baba washindane mbio na mikungu ya ndizi iliyoning'inizwa kwenye miti begani. Vijana warushe mikuki kulenga nazi iliyowekwa juu ya mlingoti. Mabibi wakae kivulini na makuti, na mtoto yeyote atakayekaa nao atoke na kofia aliyosuka mwenyewe. Chakula kifukiwe shimoni juu ya mawe ya moto, na shimo lifunguliwe mbele ya wote, kwa sababu kufunguliwa kwa shimo ni tamasha tosha. Na tiki mmoja wa kweli, wa mbao, awepo katikati. Asifanye chochote. Awepo tu.

"Nani atamchonga?"

Teiki alitazama mikono yake.

Kisha, wakati wanaagana, alisema jambo jingine, akiwa ameshampa mgongo nusu. Mjomba wake wa Nuku Hiva amezeeka na anataka kumwachia karakana yake ya huko. Meli ya mizigo inaondoka Jumapili hiyohiyo, jioni. Nafasi yake imeshawekwa.

"Utakwenda?"

"Nikipata sababu ya kubaki, sitakwenda."

Ranitea alikuwa na sababu hiyo mdomoni, tayari, imeshatafunwa. Akaamua kumpa Jumapili, mbele ya tiki wake, akiwa amevaa gauni jekundu. Watu wengi wazuri wameponzwa na gauni.

*

Lazima sasa isemwe habari ya neno moja. Pale Papeete mtu huweza kuamka siku moja akawa amefiu. Fiu ni uchovu, kinyaa na uvivu vikiwa vimeketi pamoja kwenye kiti kimoja na kukataa kuinuka. Fundi akifiu, paa linangoja. Mwalimu akifiu, darasa linaelewa. Na mtu akishasema amefiu na kitu au na mtu, haulizwi kwa nini, habembelezwi, hafuatwi. Kumfuata mtu aliyefiu ni utovu wa adabu, kama kumfungulia mtu mlango akiwa anaoga.

Habari ya pili ni kwamba tiki hatajwi kama kitu. Hasemwi "hiki" wala "hii". Ni "huyu", na ana uzito kama mtu, na anakaa kama mtu, hata akiwa wa plastiki.

Alhamisi, Ranitea alikuwa kwenye meza ya Shangazi Titaina akichagua maua ya Jumapili, simu sikioni.

"Uko wapi, kipenzi changu?"

"Karakana."

"Unafanya nini?"

"Nachonga."

"Unachonga nini?"

"Pua."

"Pua ya nani, mpenzi?"

Patasi iligonga mara kadhaa. "Utaona."

"Teiki, siku moja utanipa sentensi nzima, nami nitaitia kwenye fremu."

"Nakupenda," alisema Teiki.

Ranitea alishika ukingo wa meza. "Hilo," alisema, "ni neno moja."

"Lina anayependa ndani yake. Na anayependwa. Mwalimu wetu alisema hiyo ni sentensi kamili."

"Rudi kazini, wee. Nitakujibu Jumapili."

Alibonyeza simu ikatike. Haikukatika. Aliiweka kwenye kikapu cha maua, uso juu, ikiwaka kati ya maua meupe kama jicho.

"Mbona umekunja uso ghafla?" aliuliza Shangazi. "Si sasa hivi ulikuwa unachekea ukuta?"

Ranitea alikuwa amekumbuka kwamba lazima arudi ofisini.

"Nimechoka, Shangazi. Nimefiu na tiki. Nimefiu naye kabisa. Mkubwa, mzito, hana neno moja la maana, kazi yake kukaa pale na kunitazama, kunitazama, kutwa kucha. Nikiinuka ananitazama, nikikaa ananitazama. Jumapili ikiisha, apakiwe aondoke, nisimwone tena."

"Pole, mwanangu," alisema Shangazi, akimalizia taji.

Katika karakana ng'ambo ya mji, patasi ilinyamaza. Tofauti ya ile herufi moja ilikuwa imepotea njiani, katikati ya kelele za soko, na aliyesikiliza alisikia jina lake. Teiki alisimama na simu sikioni. Alitazama kifua chake kipana. Alitazama mikono yake mizito. Akajipima kwa kila neno alilolisikia, na yote yakamtosha kama shati la fundi wake mwenyewe. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, hakuuliza.

Jioni benchi la bandarini lilikuwa tupu. Ranitea alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe: *Mpenzi, sahani inapoa.* Jibu lilikuja baada ya muda: *Nimeelewa. Pumzika. Tiki atafika Jumapili.*

Aliusoma mpaka mwanga wa simu ukazima. Umeelewa nini? Nipumzike na nini? Kisha maana ikamshukia, baridi, kutoka kichwani hadi miguuni. Amefiu. Mtu wa watu amefiu na kelele zangu. Na kwa kuwa naye alikuwa amelelewa vizuri, hakuuliza. Alikula sahani nzima peke yake, uma wa pili ukiwa safi pembeni.

Hivyo ndivyo watu wawili wanaopendana walivyopishana njia kwa heshima kubwa, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi, mpaka nafasi ikawa pana kiasi cha kupitisha meli.

*

Jumapili Ranitea alivaa gauni jekundu kwa sababu lilikuwa limeshapigwa pasi.

Bustani ya Paofai ilijaa kabla ibada za mchana hazijaisha. Watu walikuja na mikeka, watoto wachanga, mabibi na viti vya mabibi. Langoni tiki wa plastiki aliwacheka wote. Watoto walicheka naye mara moja, mara mbili. Mara ya tatu walimwacha anacheka peke yake, wakakimbilia mashina ya mgomba.

Huko kulikuwa na shughuli nzito. Kila familia ilipewa shina na vijiko. Majimaji ya mgomba yaliruka, nguo za Jumapili zikaharibika, akina mama wakaanza kugomba kisha wakaomba kijiko. Baba mmoja wa benki, shati lake la mikono mirefu likiwa limelowa, alimchongea tiki wake pua, pua ikaanguka, akaichukua na kuiomba radhi. Upande wa pili wanaume walikimbia na mikungu ya ndizi kwenye miti begani, matumbo mbele, wake zao wakiwataja kwa majina ambayo huwa hawatajwi mbele ya watu. Mikuki iliruka kuelekea nazi iliyokuwa juu ya mlingoti. Mmoja ulipoichoma katikati, maji yakanyunyiza, uwanja mzima ulivuta pumzi pamoja. Kivulini watoto walikuwa wamenyamaza wakisuka makuti, ndimi nje.

"Wamenyamaza," alisema Bwana Lucien kwa hofu. "Wanaumwa?"

"Wanafurahi, Bwana Lucien."

"Sijawahi kuona." Alitazama mpaka akasahau kinywaji chake na kijimwavuli chake. "Na wewe, mbona macho yako yamevimba?"

"Vumbi."

"Kwenye nyasi?"

Pikapu ya karakana ilikuwa inaingia. Ranitea alinyoosha gauni. Mlango ukafunguliwa akashuka Tihoni, mwenzake Teiki, peke yake. Nyuma kulikuwa na kitu kilichofunikwa majani ya mgomba.

"Yuko wapi?" aliuliza Ranitea.

"Bandarini. Anapanda meli." Tihoni alikwepa macho yake. "Mzigo huu amekuletea. Na maneno. Alinifanya niyarudie, nisikosee. Kasema: mwambie huyu ni mdogo, si mzito, na hatamtazama."

Wanaume wawili walimshusha tiki, wakamsimamisha katikati ya nyasi, wakaondoa majani.

Alimfikia Ranitea kiunoni. Mbao yake ilikuwa nyekundu iliyokolea, ikimeta kama ngozi ya mtu aliyetoka majini. Mikono ilikuwa imekunjwa juu ya tumbo, vidole vyembamba, kila kimoja na kucha yake. Mdomo mpana, mtulivu. Na pale ambapo tiki wote wa visiwa vyote wana macho makubwa duara, huyu alikuwa na kope mbili zilizoteremka. Alikuwa amefumba macho.

Waliokuwa karibu walinyamaza kwanza. Kisha waliokuwa nyuma yao. Kimya kilienea uwanjani kama maji yanavyoenea kwenye mkeka: mbio zikasimama, mikuki ikashushwa, mtoto aliyekuwa akilia akasahau. Hakuna aliyewaambia. Bibi mmoja aliinuka kwenye kiti chake. Baba wa benki alishika kichwa, akaitafuta kofia ambayo hakuwa nayo. Ilionekana kana kwamba tiki angeweza kufumbua wakati wowote, na kwamba alikuwa amewahurumia kwa kutofumbua. Hata yule wa langoni hakucheka, kwa sababu hakuna aliyesogea.

Bwana Lucien alivua miwani. "Yule wangu," alinong'ona, "mwondoeni. Mwekeni ndani ya pikapu. Naona aibu."

Ranitea alikuwa amepiga magoti. Aligusa kope kwa ncha ya kidole. Mdogo. Si mzito. Hatanitazama. Maneno yale aliyajua. Aliyajua kama mtu anavyojua nguo yake ikiwa imevaliwa na mwingine.

"Shangazi," alimwambia Shangazi Titaina aliyesimama nyuma yake, bila kugeuka. "Alhamisi pale mezani kwako. Nilisema nini?"

"Ulisema umefiu na tiki. Mkubwa, mzito, kazi yake kukutazama."

"Na simu yangu ilikuwa wapi?"

Shangazi Titaina alifikiri. Taji la maua likamteleza kichwani. "Kikapuni. Ilikuwa inawaka. Mimi nikadhani ndivyo simu za siku hizi zinavyopumzika."

"Tiki," alisema Ranitea polepole. "Teiki."

"Mungu wangu," alisema Shangazi. "Kimbia, mtoto."

*

Pikapu ilipita barabara ya pwani kwa mwendo ambao Tihoni alikuja kuukana baadaye. Nyuma, tiki wa plastiki alicheka kila gari lililopita, kila pikipiki, na askari wa usalama barabarani, ambaye alipiga saluti kabla hajajua anafanya nini.

Bandarini kreni ilikuwa ikipakia friji na pikipiki. Teiki alikuwa ameketi juu ya mifuko ya saruji, begi miguuni. Alipomwona Ranitea anakuja, gauni jekundu amelikusanya mkononi, aliinamisha macho akaitazama saruji.

"Nitazame," alisema Ranitea.

"Umefiu. Sitaki kukusumbua."

"Tihoni, mlete."

Tihoni alimsimamisha tiki wa plastiki mbele ya Teiki, magoti kwa magoti.

"Ho, ho, ho," alisema tiki.

"Mkubwa," alisema Ranitea, akihema. "Mzito. Hana neno la maana. Anakaa mbele ya meza yangu kutwa kucha, ananitazama. Huyu ndiye niliyefiu naye. Tiki, Teiki. Tiki."

Wapakizi walikuwa wameacha kupakia. Mmoja alikaa juu ya friji ili asikie vizuri.

Teiki alimtazama tiki kwa muda mrefu. "Mimi pia ni mkubwa," alisema mwishowe, kwa haki. "Ni mzito. Sisemi. Nakutazama."

"Wewe ukinitazama nasahau nilikuwa nakwenda wapi. Wewe ukinitazama naona kweli nimemalizwa, sina pa kuongezwa. Mbona hukuniuliza?"

"Ulikuwa umefiu. Mtu aliyefiu haulizwi. Na wewe hukuuliza."

"Nilidhani umefiu wewe."

Wote wawili wakautafakari ukubwa wa adabu yao.

"Watu wazuri hawa," alisema mpakizi wa juu ya friji kumwambia mwenzake. "Wapumbavu, lakini wazuri."

"Ulisema utanijibu Jumapili," alisema Teiki akiiambia saruji.

"Nakupenda. Ni sentensi kamili, nimeulizia. Inua macho, basi."

Akainua. Ranitea alikuwa ameyasahau kwa siku tatu tu, na bado hakuwa tayari. Yalikuwa yamemwona angali njiani.

"Abiria wa Nuku Hiva," aliita msimamizi kutoka juu ya ngazi, "anapanda au hapandi?"

Teiki aliinuka. Alifungua lebo ya jina kwenye begi lake, akaifunga kwenye shingo ya tiki wa plastiki, akaikaza kwa fundo mbili, akambeba mwenyewe mpaka juu.

"Anapanda," alisema.

Mjomba kule Nuku Hiva alimpokea tiki akiwa na hati ya karakana mkononi na taulo safi. Hadi leo amemsimamisha kwenye shamba la taro, na nguruwe mwitu wa bonde lote wamehama. Hupiga simu kila mwezi kusema kwamba mpwa wake amebadilika sana, ila kwa kazi hana mfano.

*

Walirudi Paofai shimo la chakula likiwa linafunguliwa. Majani yaliinuliwa, mvuke ukapanda mweupe na harufu ya nyama, taro na shelisheli, na watu wakasema "aaah" kama kwaya. Lakini duara lililomzunguka tiki halikuwa limevunjika. Watoto walikuwa wamempangia tiki wao wa mgomba pande zote, wengine hawana pua, wengine wana mbili, wote wakiwa wanamtazama yule asiyewatazama.

Teiki alipiga magoti, akatoa patasi ndogo mfukoni.

"Utamfumbua?" aliuliza Ranitea. "Inawezekana?"

"Niliacha mbao ya kutosha chini ya kope."

"Ulikuwa unaondoka. Kwa nini uliacha?"

Teiki alipuliza vumbi ambalo halikuwepo. Masikio yake yakawa mekundu.

Alichonga taratibu. Vipande vyembamba vya mbao vilidondoka nyasini, na watoto waliviokota kimoja kimoja bila kugombania. Jicho la kwanza. Kisha la pili, akaacha ukope mmoja mwembamba wa mwisho.

"Simama hapa mbele," alimwambia Ranitea. "Uwe wa kwanza kumwona."

"Hiyo ni desturi yenu?"

"Hapana. Naianzisha mimi."

Ranitea alisimama. Alihamisha ua la tiare kutoka sikio la kulia, akaliweka la kushoto, na Shangazi Titaina, aliyeona kila kitu kutoka mbali kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake, akaanza kulia kwa utulivu ndani ya taji alilolishika.

"Nisimame mpaka lini?"

"Mpaka ufiu."

"Na nisipofiu?"

"Basi itabidi tuoane," alisema Teiki, na patasi ikaondoa ukope wa mwisho.

Macho mawili makubwa, duara, yakafunguka. Bustani nzima ikashusha sauti. Ranitea alisimama pale mbele yao, na hakusogea.